Sifuri za Los Ñirres

Mwaka wa tatu wa udaktari wake
Ailín aliniletea mchoro uliopendeza mno.
Machale yakanicheza.
Nimesimamia wanafunzi tisa katika jengo hili
linalovuja kila Juni, ndoo mbili ukumbini,
na nimejifunza kuogopa mstari unaopita
katikati ya nukta zote kama uzi ndani ya shanga.
Data halisi ina chunusi.

"Ukame," akasema, akigusa kioo kwa ukucha.
"Kituo cha Los Ñirres, Mei hadi Agosti,
mwaka themanini na sita.
Siku themanini na saba bila tone.
Modeli yangu iliuona kabla sijaiambia."
Macho yalimwaka. Hakuwa amelala.
Nje mvua ya Valdivia ilipiga bati
kama mtu anayedai deni.

Sikugusa modeli.
Nilimuuliza: "Nani alikuwa akisoma kipimo?"
Akatazama safu zake. Safu zina tarehe,
zina milimita, zina latitudo.
Hazina mtu.

Profesa wangu, marehemu, alinifunza kwa kunifokea.
Aliwahi kuchana sura nzima mbele yangu
kwa alama moja ya kutoa.
Nikaapa mimi sitakuwa hivyo, kisha nikagundua
kuwa ukimya wangu nao una makali.
Ailín aliifunga kompyuta polepole,
kama anayefunika chungu akijua chakula hakijaiva.

Jumatatu alipanda basi la alfajiri,
akashuka Panguipulli, akadandia lori la kuni.
Alhamisi akarudi na matope hadi magotini
na daftari lililofungwa kwa mpira wa baiskeli.

Don Baudilio Oyarzo
alisoma kipimo kila saa mbili asubuhi
kwa miaka thelathini na minne,
malipo yake posho isiyofika bei ya buti.
Mei ile mapafu ya mkewe yalijaa maji.
Akampeleka mjini, akalala kwenye benchi la hospitali,
na Agosti akapanda mlima peke yake.
Kurasa za siku hizo aliziacha nyeupe.
"Sikuwepo," alimwambia Ailín. "Ningeandika nini?"

Mtu fulani, ofisi fulani huko Santiago,
akiingiza tarakimu mashineni,
alikuta pengo, akalijaza sifuri
ili safu ipendeze.

Kwa hiyo labda ilinyesha.
Labda ilinyesha kuliko miaka yote.
Hatujui. Na hilo ndilo neno
ninalolipwa kulifundisha, nalo halifundishiki kirahisi:
hatujui,
na hatujui kwa kiasi hiki.

Sura ya nne ikafa.
Alilia chooni, nilimsikia,
nikajifanya natafuta karatasi ukumbini, kando ya ndoo.
Kisha miezi saba ya kuandika upya:
namna ya kubeba pengo ndani ya hesabu
bila kulizika na bila kulivisha nguo za kuazima.
Alikosea vipeo, akarekebisha, akakosea tena.
Usiku mmoja saa nane alinitumia ujumbe wa neno moja,
"Inakokotoka," na asubuhi akaufuta.

Mchoro mpya hauvutii.
Mstari unakuja mwembamba, unajiamini,
hadi ukifika majira yale ya baridi
unatanuka kama Calle-Calle iliyovunja kingo,
rangi ya kijivu, mpana,
ndipo unajikusanya tena
asubuhi aliyorudi mzee.

Siku ya kuitetea tasnifu, mtahini kutoka Concepción,
daktari Urrejola, mwenye tai ya sufu,
alinyoosha kalamu kwenye ule upana:
"Hapa mbona umeshindwa?"

Nilikunja vidole chini ya meza.
Nilikuwa na jibu, zuri, lenye alama za Kigiriki.
Msimamizi haruhusiwi kusema.

Ailín akanywa maji.
"Hapa," akasema, "bibi Herminda alikuwa mgonjwa."

Mtahini akaandika jambo.
Kwa nilipokaa, sikuweza kulisoma.